Chupa ya Chai ya Bujiku

Wafanyakazi wote wa mgodi walikuwa wamefungiwa nje ya geti, lakini kilichomkera Bujiku kuliko hata lile kufuli ni chupa ya chai.

"Chupa yangu, jamani! Nyekundu, mke wangu kanunua Katoro, haijamaliza hata mwezi. Gregory kaenda nayo!"

Gregory alikuwa mwenzake wa kuchoronga mwamba chini ya ardhi. Miaka yote wamekula sahani moja, tena ndiye baba wa ubatizo wa Loveness, binti wa Bujiku. Sasa Bujiku akilitaja jina hilo, anatema mate kwanza.

"Siku ile king'ora kimelia, tumeambiwa wote juu, wote nje. Niko garini nakumbuka chupa nimeiacha mwisho wa handaki. Yeye huyo, mbio! Eti, 'Tangulia, mwanawane, nakuchukulia, nitapanda na gari la pili.' Mwongo mkubwa! Gari la pili limepanda, watu wameshuka, yeye kapotelea ofisini kwa wakubwa."

Ushahidi ulikuwa wazi. Kibati chenye jina la Gregory kilining'inia kwenye ubao wa getini, upande wa walio ndani, na kila mtu alikiona kupitia wavu. Isitoshe, habari zilikuwa zimeenea kwamba kampuni imebakiza watu wachache wa kulinda mitambo, wanalipwa mara mbili na wanalala kwenye kiyoyozi.

Na ugomvi wenyewe ulikuwa wa nini? Matibabu ya familia. Kampuni ilitaka kuyafuta, chama cha wafanyakazi kikakataa kutia saini, na kampuni ikajibu kwa kufuli. Loveness ana selimundu. Juzi mama yake alimbeba hadi hospitali Geita, mtoto analia viungo, wakamwambia kadi haifanyi kazi. Gregory aliyajua yote hayo.

Basi wakakaa hapo vumbini, wiki ikaisha, nyingine ikaanza. Mgodi ulikuwa kimya hata ukawatisha. Hata yale mafeni makubwa ya kushusha hewa chini yalikuwa yamezimwa, na watu walisema hawapati usingizi bila ngurumo yake.

Kila mchana alikuja Salome, mke wa Gregory, na hotipoti iliyofungwa kwa kitenge. Wanawake waliokuwa wakipika uji wa waliofungiwa nje walimgeuzia mgongo. Alipita katikati yao kichwa chini, akamkabidhi mlinzi chakula kupitia tundu la geti. Walinzi wenyewe walikuwa wageni, wameletwa kutoka Mwanza asubuhi ile ya kufuli.

"Niitie basi, nimwone hata kwa mbali," aliomba.

"Haturuhusiwi kuita mtu, shemeji. Acha chakula."

Jioni hotipoti ilirudi tupu, imekombwa.

"Chakula kitamu, Mama Blessing!" mlinzi alimwambia Salome siku moja. "Ila kesho ongeza pilipili."

Salome alisimama kidogo. "Pilipili? Gregory? Huyo hata harufu yake haitaki."

"Huko ndani wamembadilisha mpaka ulimi," Bujiku alidakia kwa sauti, ili wote wasikie. "Moyo walishaubadilisha zamani. Na simu kaizima, kumbe aibu anayo!"

Watu walicheka. Salome alijifunga kitenge chake na kuondoka, na Bujiku akaona machozi, akayapuuza. Ajililie. Nani wa kumlilia Loveness?

Hatimaye kampuni ilisalimu amri. Viongozi wa chama walirudi kutoka kikaoni wakicheza: matibabu ya familia yamerudi, hakuna atakayefukuzwa. Vigelegele vikapigwa hadi mbuzi wakakimbia. Bujiku alimpigia mke wake simu, akalia tu.

Asubuhi geti lilifunguliwa. Martina, mtunza taa za kofia, alitangulizwa kwanza apange chumba chake. Siku ya kufuli watu walizirundika taa mezani kwake, naye akasukumwa nje kabla hajatundika hata moja kwenye ndoano yake.

Afisa utumishi, bwana Deusdedit, alisimama getini akipeana mikono na kila anayeingia, utadhani ni harusi. Zamu ya Bujiku ilipofika, alimshika mkono hakuuachia.

"Baba Loveness, wewe ni rafiki yake. Gregory mbona simwoni? Mwambieni arudi, hana kosa lolote."

Bujiku akaangua kicheko cha uchungu. "Bosi, usinitanie asubuhi yote hii. Muiteni wenyewe. Si mnaye humo ndani, mnamlipa mara mbili?"

"Humu ndani?" Deusdedit alimtazama kama anayemtazama mlevi. "Hatukubakiza mfanyakazi hata mmoja. Tulizima kila kitu, tukafunga. Gregory tulijua yuko nje huko, na ninyi."

Nyuma yao Salome alikuwa amefika mapema kuliko siku zote, amevaa gauni la kanisani, aje ampokee mume wake. Bujiku aligeuka kumtazama mlinzi. Mlinzi alikuwa ameinamisha macho.

Kutoka chumba cha taa, Martina akatoa kichwa dirishani.

"Jamani," aliita, "ni nani hakurudisha taa siku ile?"