Orodha Yenye Majina Mawili

"Fundi, leo wodi nzima ni ndugu wa damu!" muuguzi alicheka kwenye simu. "Kompyuta inasema wote thelathini na wawili ni kundi AB. Umewaroga?"

Fundi wa programu za hospitali aliacha kutafuna ukucha. Nusu saa iliyopita aliwapa wagonjwa wote kundi AB, kwa majaribio tu, kwenye nakala ya orodha.

Akautazama upya mstari wa programu alioandika asubuhi ili kuinakili orodha. Haukunakili chochote. Ulikuwa umeipa orodha ileile ya wodini jina la pili, basi. Mtoto ni yuleyule, umwite kwa jina la shuleni au la nyumbani. Ukimfinya, anayelia ni mmoja.

Ukucha ulivuja damu. Akaufuta kwenye sketi, ukavuja tena. Angeweza kurudisha orodha ya jana kimyakimya, asijue mtu.

"Dada, kuna anayeongezewa damu leo?"

"Wa kitanda cha tisa. Mwenzangu anamtundikia sasa hivi. Kwani vipi?"

Kiti kilianguka nyuma yake. "Mzuie! Orodha ni ya uongo, nimeiharibu mimi!"

Kicheko kilikatika. Akasikia simu ikigonga sakafu, kisha viatu vikikimbia.