Nguo za Kuondokea

Ilikuwa siku ya kupumzika, na Mwanaheri hakujua afanye nini nayo. Mnyororo wa baiskeli yao ya safari alikwishautia mafuta mara mbili. Sasa kila dakika alikuwa kwenye kamba ya nguo, uani mwa nyumba ya wageni, akiishika suruali ya mumewe.

"Bado mbichi," alilalamika. "Na jua lote hili."

Kombo alikuwa amejinyoosha mkekani, shuka imemfunika miguu. "Itakauka tu, mke wangu. Haraka ya nini?"

"Siku kumi na tisa njiani hujawahi kuniuliza hivyo. Ikikauka tu, tunaondoka."

Akatoka kwenda kununua mikate ya safari. Dukani kulikuwa na foleni, na foleni hakuiweza. Akarudi mikono mitupu.

Alipofika langoni akasimama. Kombo alikuwa anachechemea kuelekea kambani, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika kopo la maji. Goti lilikuwa limemvimba kama boga. Akaimwagia suruali maji taratibu, akahakikisha hakuna pindo lililosalia kavu, kisha akajikokota kurudi mkekani.

Mwanaheri alingoja mpaka alipojifunika. Ndipo akaligongesha lango kwa makusudi, akaingia.

"Imekauka?" Kombo aliuliza, macho ameyafumba.

Gauni la Mwanaheri mwenyewe, lililoanikwa kando ya suruali, lilikuwa limekauka tangu saa nne. Aliliokota kopo, akalijaza bombani, akasimama mbele ya gauni.

"Bado," alisema, akaanza kumimina.