Zamu ya Corentin

Manowari ile ya Kifaransa ilitumika miaka kumi na saba, ikipiga mizinga ya heshima bandarini zaidi kuliko ya vita. Kisha siku moja ikagonga bomu lililotegwa baharini, ikazama kwa dakika mbili tu. Corentin, mchochea makaa, alikuwa miongoni mwa wachache waliookolewa.

Mwezi mmoja baadaye alibisha hodi kwa Soazig, mjane wa rafiki yake Tangi. Alimkuta uani akifua.

"Shemeji, zamu ya siku ile ilikuwa yangu," alisema kabla hata ya kukaribishwa kiti. "Nilikuwa hoi. Tangi akaniambia nipande juu nikapumzike, yeye atanishikia."

Soazig hakulia. Mikono yake ilitulia povuni.

"Na yeye alikuwa amechoka?"

"Sote tulikuwa tumechoka, shemeji."

Akamtazama mgeni aliyesimama kama mtu anayengoja hukumu. Kisha akalitoa shuka majini, akamnyooshea ncha moja.

"Shika."

Wakaanza kulikamua, kila mmoja akilisokota upande wake, na maji yakitiririka katikati yao.