Mgono Kichwani

Samwel alikuwa kifua wazi, amepakwa tope kutoka utosini hadi unyayoni, alipochungulia nyuma ya lori akamwona mama mkwe wake amekaa mstari wa mbele kabisa.

Alirudi kinyumenyume mpaka akakanyaga ngoma. Akamwambia Agness, kiongozi wa kikundi, kwamba leo hachezi.

Agness alikuwa mtu wa Mwanza, hana muda na visa vya watu. Alimkumbusha kwamba uwanja umejaa, kiingilio ni bure, nyuzi za zeze la litungu zimeshaanza kulia, na katika kikundi kizima ni yeye peke yake anayejua kuanguka kama kamongo aliyetolewa majini bila kuvunjika mbavu. Jana pale Musoma watu walisimama kumshangilia. Leo Butiama kuna nini?

Kulikuwa na mama mkwe, basi. Samwel alimweleza kwa kunong'ona. Ukoo wa mkewe, Hilda, unashika mila kwelikweli: mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anapisha vichakani. Kifua cha mkwe ni kitu ambacho mama yule hatakiwi kukiona hata kwa bahati mbaya, sembuse kukitazama kikigaagaa mavumbini mbele ya kata nzima. Halafu lipo na la pili. Siku ya posa wazee walipouliza huyu kijana wa Makoko anafanya kazi gani, mshenga alijibu kwamba ni dereva. Haukuwa uongo sana, maana lori la kikundi yeye ndiye anayeliendesha.

"Akinijua, Hilda anaitwa kwao," alisema Samwel. "Na akiitwa, vikao vya kumrudisha vitakaa mpaka mahindi yavunwe. Nampenda mke wangu, dada."

Agness alifikiri kidogo. Kwenye vifaa vya maonyesho kulikuwa na mgono, ule mtego wa matete wanaotegea samaki. Akauokota, akamvisha Samwel kichwani mpaka ukamfika mabegani, akamwambia samaki ameshanaswa, sasa aende akacheze.

Akaenda.

Ilikuwa ngoma ya kisasa, ile ambayo wachezaji wanakimbia bila kufika popote, wanabebana migongoni, kisha wanasimama tuli kama wamesahau walichokijia. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti kama yule wa kushoto ana degedege. Lakini litungu lilikuwa linalia vizuri, gitaa linaitikia, ngoma zinasukuma, na taratibu uwanja mzima ukaanza kutikisa vichwa. Samwel alianguka, akapinda mgongo, akatapatapa, na watu wakazuia pumzi.

Yeye mwenyewe macho yalikuwa kwa mama mkwe tu, kupitia upenyo wa matete. Wengine wakicheza, mama alipiga makofi na kucheka. Zamu ya mwenye mgono ikifika, alishusha uso na kujifunika kitenge. Akiondoka, kitenge kinashuka. Akirudi, kinapanda. Kwanza Samwel alishukuru. Baadaye ikamuuma. Kazi anayoipenda kuliko zote duniani, kumbe mama wa watu inamtia kinyaa hata asipojua ni nani anayeifanya.

Mwisho wa onyesho wachezaji walisogea kwa watazamaji wakanyoosha mikono. Ndiyo kanuni ya kikundi: atakayekushika mkono, unacheza naye. Mama mkwe akasimama, akakaza kitenge kiunoni. Akaupita mkono wa Agness, akaipita mingine yote, akaenda moja kwa moja kwenye mgono na kuushika mkono wa Samwel.

Kuuvuta mkono ni kuharibu onyesho, kuuacha ushikwe ni kuvunja mwiko mchana kweupe. Akauacha.

Jamani, yule mama alikuwa anajua kucheza! Mabega yalikwenda yenyewe, miguu ikapiga vumbi, na muda wote macho yake yalikuwa chini, anacheka kama msichana. Samwel naye, Mungu amsamehe, akasahau hofu. Tangu aoe, mama huyu kwake alikuwaga sauti tu nyuma ya pazia, inauliza kama mgeni amepewa uji. Sasa wanazunguka pamoja na uwanja unapiga vigelegele. Alifurahi mpaka machozi yakachanganyika na tope. Alitamani kumwambia, mama, ni mimi. Akaumeza huo utamu peke yake.

Asubuhi yake walikuwa wanapakia lori kwenda Bunda kwa onyesho la Jumamosi. Samwel alikuwa ameoga, amevaa shati na kulifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Mara akamwona Nyamhanga, kaka yake mama mkwe, anakuja anakokota mbuzi wawili. Akajua Hilda ndiyo ameshaitwa kwao.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, dereva," alijibu Nyamhanga bila kucheka. "Dada anasema jana alimshika mkwewe mkono mbele za watu. Kosa ni lake, na kwetu aliyekosa ndiye anayetoa mbuzi. Pokea huyu mweusi, yaishe."

Samwel alipokea kamba. Kisha aliuliza kwa adabu huyu wa pili, mwenye madoa, ni wa nini.

"Huyo ni wa Jumamosi," alisema mjomba, akimkabidhi na kamba ya pili. "Anauliza Bunda mnaanza saa ngapi."