Mama Atangulie

"Mama atangulie," akasema Joyline, kama kawaida.

Milcah akashika chuma cha daraja la miguu, akauma meno, akapanda. Nyuma yake binti yake akafuata akiuvuta mguu wa kulia, na wapita njia wa Dagoretti Corner wakawapisha huku wakiguna pole. Pole zenyewe zilikuwa za Joyline. Zilimwandama tangu darasa la pili, siku lori la mchanga liliporudi nyuma, likambana ukutani na kumvunja nyonga kama sahani.

Huko kutangulia kulianzia hospitalini. Plasta ilipotolewa, mtoto alikataa katakata kuinua mguu mpaka mama yake ainue wake kwanza. Milcah akainua. Akachuchumaa, akapanda ngazi, kitambaa cha kichwa kikimwanguka na wauguzi wakicheka. Mtoto akaiga. Ikawa ndiyo dawa. Sasa mtoto ni mwanamke wa ofisi huko Westlands, ambako alisema anakaa tu kutwa, lakini Jumamosi ni mazoezi, na mama hajastaafu.

Alichoka, mama wa watu. Alichoka ule uchovu ambao hata usingizi haumalizi. Siku hizi magoti nayo yalikuwa yameanza kuongea usiku, ila nani ana nafasi ya kusikiliza goti? Kwenda kwa daktari alikataa. Fimbo alikataa, fimbo ni ya wazee. Dada yake Naliaka alipokuja kumsihi arudi Lugari apumzike, alimjibu hivi:

"Siku huyu mtoto atatembea bila kuchechemea, siku hiyo nitakaa chini. Na nikikaa, msinisimamishe tena."

Joyline alikuwepo, anakata sukuma wiki. Kisu kilisimama kidogo, kisha kikaendelea.

Na maneno ya watu je? Asubuhi ya leo walipotoka nyumbani Kabiria, Caren muuza mboga aliwachokoza mbele ya wateja. "Joyline, Jumamosi iliyopita si ulikuwa unavuta mguu wa kushoto? Ama huu wa kulia umepewa zamu?"

Joyline alijishughulisha na mkoba wake. Milcah ndiye aliyejibu.

"Nyonga huuma inapotaka, Caren. Mdomo wako ndio hauna nyonga, ndiyo maana hauchoki."

Wateja walicheka mpaka nyanya zikabingirika.

Ng'ambo ya daraja, Muasya, daktari wa mazoezi, aliwapokea kwa utani wake wa kila wiki, kwamba bibi harusi na msindikizaji wake wamefika. Leo alikuwa na zoezi jipya: kuinuka kitini bila kushika chochote. Mama atangulie. Mara ya kwanza Milcah alitetemeka kama ndama aliyezaliwa jana, akarudi kitini kwa kishindo. Akajaribu tena, akashika ukuta. Akapumzika, akamtaja Mungu, akainuka peke yake. Muasya na Joyline wakatazamana.

"Umeona?" Milcah akamwambia binti yake, akihema. "Si kitu kigumu. Sasa wewe."

Joyline akainuka taratibu, akikunja uso.

Walipovuka daraja kurudi, Milcah akajipapasa mabegani. Leso yake ya zambarau ilikuwa imebaki kwa Muasya. Joyline akamkalisha kwenye benchi la muuza mahindi, akamwambia asihangaike, yeye ataifuata.

"Usinihesabie saa tu, Mama. Mwendo wangu unaujua."

Milcah akamtazama akipanda ngazi akichechemea, akishika chuma, mpaka umati ukammeza. Moyo ukamlegea. Miaka yote hii, na mtoto bado. Akafumba macho. Akamuuliza Mungu swali lake la siku zote, kama atamwacha aione siku hiyo moja, hata kwa mbali.

Alipofumbua, mwanamke mmoja alikuwa anateremka darajani kwa mbio. Viatu mkononi. Alimkwepa mzee mwenye gunia la viazi, akawapita vijana wawili kama waliosimama, akaruka ngazi mbili mbili, gauni likipepea. Milcah akaona wivu, ule wivu wake wa zamani ambao hata kanisani hakuwahi kuutubu. Kuna watu waliumbwa kwa springi, akawaza. Laiti wangu naye.

Kisha akaona kilichokuwa kinapepea begani mwa yule mwanamke. Leso. Ya zambarau.

Alipofika chini, kando ya mkokoteni uliojaa magodoro, mwanamke akasimama. Akavaa viatu. Akajipangusa jasho, akavuta pumzi, akashika kiuno, akaanza kuja akiuvuta mguu.

Wa kushoto.

Milcah akafumba macho upesi, kidevu kifuani, kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Akayaacha hivyo mpaka aliposikia leso inamfunika mabega.

"Pole, mwanangu," akasema. "Mguu bado?"

"Bado, Mama."

Milcah akainuka, bila kushika chochote.

"Basi twende. Acha nitangulie."