Kidole cha Kemilembe

Asubuhi ya ndoa yake, Kemilembe alisimama mbele ya kioo cha ukutani jikoni kwa mama yake, moyo ukimdunda kwa furaha. Siku hizi ndoa hufungwa kwa kitufe cha kiooni. Bwana na bibi harusi hubonyeza, kila mmoja akiwa kwao, na ndoa hukamilika pale wote wawili wanapoinua kidole. Kidole kikiteleza nje ya kitufe kabla ya kuinuliwa, ni kama hakikugusa.

Uso wa bwana harusi, Rwechungura, ulitokea kiooni, ukimeremeta. Alibonyeza, akainua. Jiko zima likashangilia.

"Haya, mwanangu!" mama alisema, machozi yakimlengalenga.

Kemilembe akabonyeza. Kitufe kikageuka kijani chini ya kidole chake, naye akacheka kwa sauti kabla hajakiinua.

"Nina zawadi yako," Rwechungura akasema kwa shauku. "Nimeipanga nyumba yetu isikilize kidole changu peke yake. Hutahangaika na kitufe chochote."

"Hata jiko?"

"Hata jiko, mpenzi."

"Na mlango wa kutokea?"

"Na mlango! Nitakufungulia mimi."

Mashangazi walipiga makofi. Mume wa kujali namna hii apatikane wapi? Kemilembe aliendelea kutabasamu. Akakisogeza kidole chake taratibu, kikavuka ukingo wa kitufe, ndipo akakiinua. Kijani kikazimika.

Mashangazi wakashusha mikono. Uani, ambako hawakukiona kioo, watu walikuwa wameshaanza ngoma, wakimwita bibi harusi atoke.