Kipande Kisicho na Samadi

Josia aliupima mkungu mara ya tatu, na mara ya tatu mizani ikamcheka. Ratili hamsini na mbili! Na mkungu wenyewe ulitoka kwenye kipande alichokinyima samadi kwa miaka miwili. Ulipaswa uwe umesinyaa kama kidole cha mgonjwa. Badala yake ilimbidi aukumbatie kwa mikono miwili ndipo autoe kwenye ndoano.

"Mama!" aliita. "Una hakika hakuna aliyeweka samadi hapa?"

"Nani huyo?" Kokugonza alijibu kutoka jikoni. "Nani hapa Muleba wa kumwaga samadi yake bure kwenye kibanja cha mwenzake?"

Hilo halikuwa na ubishi. Zilibaki siku nne meli ing'oe nanga Bukoba, impeleke chuo kikuu ng'ambo ya ziwa, ambako profesa alikuwa akingoja utafiti wake. Bila utafiti, hakuna shahada. Na mtu arudi Muleba mikono mitupu, baada ya kuagwa na kanisa zima kwa nyimbo na machozi? Afadhali meli izame naye.

Utafiti wenyewe ulikuwa mwepesi kuueleza. Kibanja cha migomba alichoacha marehemu baba yake, Josia alikigawa vipande viwili. Kimoja kipewe samadi ya ng'ombe kama kawaida. Cha pili, kile cha kando ya njia, kisipewe kitu. Kila likizo angekuja kupima mikungu, aonyeshe kwa hesabu kwamba samadi inafaa, na inafaa kiasi gani. Mama yake alipoelezwa aliuliza swali moja tu: "Hiyo migomba itakufa?" Josia akasema itadhoofu, ndiyo maana ya utafiti, na akamkataza asikiguse kipande kile. Mama akaguna, akarudi kumenya ndizi.

Baba mdogo Rutashobya yeye hakuguna. Alisimama njiani na fimbo yake, akapaza sauti majirani wasikie: "Shemeji, naona migomba ya kaka yangu mmeamua kuishindisha njaa. Siku kibanja kikikushinda, useme. Ukoo upo kukichukua." Josia alicheka sana siku ile. Wazee bwana, watajua nini mambo ya sayansi!

Sasa kicheko kilikwisha. Siku zile nne hazikumpa usingizi wala hamu ya chakula. Alikaa, akasimama, akapima tena mikungu aliyokwisha kuipima, akagombana hata na kuku. Siku ya tatu alifanya jambo ambalo alijua ni dhambi. Alichukua karatasi safi, akabuni tarakimu za kipande kile: ratili ishirini na tano, ishirini na tatu, ishirini. Zilipendeza kweli. Ndizo tarakimu ambazo mkulima yeyote angezitarajia.

Ndani ya meli karatasi zile zilimchoma mfukoni. Kila abiria aliyemtupia jicho, yeye alimwona kuwa mpelelezi. Alizunguka sitaha mpaka baharia mmoja akamuuliza kama amepoteza mtoto.

"Bwana, nimeandika uongo," alimwambia profesa kabla hata ya kuketi. Jasho lilimtoka hadi kwenye kola. Akaweka mezani daftari la vipimo vya kweli. "Hivi ndivyo nilivyopima. Sivielewi, lakini sikubuni hata kimoja."

Profesa alilisoma daftari hadi ukurasa wa mwisho, na Josia alitamani sakafu immeze. Kisha mzee yule akainuka, akampa mkono.

"Vipimo vikikataa unachokiamini, amini vipimo," alisema. "Wengi hufa hawajajifunza hilo."

Basi shahada ikapatikana. Makala ikachapishwa kwenye jarida la chuo, ikisema kwamba udongo wa Muleba unaweza kuzaa ndizi bila samadi. Ikanukuliwa Ceylon, ikanukuliwa visiwa vya Karibi, na mkuu wa chuo akaitaja kwenye hotuba, akawaambia wakubwa wa serikali kwamba fedha zao hazipotei bure. Bwana Shamba wa Bukoba naye akaisoma. Akapita Kagondo, akapita Hamugembe, akafika hadi Muleba, akiwatangazia watu waache kujitesa na makapu ya kinyesi.

Josia aliteremka kwenye lori asubuhi ya siku ya mnada, jarida kwapani. Hakungoja hata kupangusa vumbi. Jambo hili lilikuwa limemwasha njia nzima, mama yake awe wa kwanza kuliona jina lao katika maandishi.

Kokugonza alikuwa akigeuza kahawa kwenye jamvi. Walisalimiana, wakakumbatiana, na mama akaanza yake.

"Waitu, mwanangu, umesikia upuuzi wa Bwana Shamba? Eti samadi haina kazi! Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Ila jirani yetu Penina, masikini, kaamini. Amepita hapa sasa hivi anaswaga ng'ombe wake wote wawili kuwapeleka mnadani."

"Si upuuzi, Mama." Josia alikuwa tayari anafunua kurasa. "Maneno hayo ni yangu. Tazama, jina langu hili hapa. Kipande kile chetu cha kando ya njia kinasomwa dunia nzima!"

Mama yake hakutazama jarida. Alisimama ghafla, kahawa ikatawanyika nje ya jamvi.

"Kimbia, mwanangu! Mwahi Penina kabla hajauza. Kwenye kipande kile nilikuwa nafukia samadi mimi mwenyewe, kila ulipopanda meli."